Shajara ya mradi: usingizi wa wanafunzi wa bweni, Mbeya

Februari, wiki ya kwanza

Klabu ya Sayansi imekubaliana kuwa mradi wa mwaka huu utahusu usingizi. Hoja ilianzia kwenye malalamiko ya chumba cha walimu, kwamba kipindi cha kwanza na kile kinachofuata chakula cha mchana vimekuwa vya kuamsha watu badala ya kufundisha, na kwamba wanafunzi wa siku hizi ni wavivu. Wanachama wa klabu, ambao ndio watuhumiwa, waliomba nafasi ya kuichunguza tuhuma hiyo kwa vipimo kabla haijageuka kuwa hukumu. Mimi ni mwalimu wao wa Biolojia na mlezi wa klabu, na nimekubali kuandika shajara hii kila hatua inapokamilika. Jina la shule na majina ya wanafunzi tumeyaacha nje kwa makusudi.

Tulianza na ratiba iliyobandikwa ukumbini. Taa za mabweni huzimwa saa 4:30 usiku na kengele ya kuamka hulia saa 10:30 alfajiri, karibu saa mbili kabla ya jua kuchomoza, ili watu waoge, wafanye usafi na kuwahi prepo ya asubuhi, yaani kipindi cha kujisomea. Mwanafunzi anayepitiwa na usingizi papo hapo taa zinapozimwa, na asishtuke hadi kengele, anapata saa sita. Wataalamu wa tiba ya usingizi wa Marekani walipendekeza mwaka 2016 kuwa kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10 kwa siku, na kwa mtu mzima wanataka zisipungue 7. Ina maana ratiba yetu, hata ikifuatwa bila dosari, haimtoshi hata mwalimu wa zamu anayeisimamia.

Februari, wiki ya tatu

Kifaa tulichochagua ni rula ya plastiki ya sentimita 30, kwa kuwa kila mwanafunzi anayo na haihitaji umeme. Anayepimwa huegemeza mkono kwenye ukingo wa meza, kidole gumba na cha shahada vikiwa vimeachana kidogo usawa wa alama ya sifuri bila kuigusa rula. Mwenzake huishika kwa juu, hukaa kimya kwa muda asioutangaza, kisha huiachia. Alama ambapo rula imenaswa hugeuzwa kuwa muda kwa kanuni ya kitu kinachoanguka, ambayo wanafunzi wa Fizikia wanaijua: iliyonaswa kwenye sentimita 17 imechukua sekunde 0.19 hivi, iliyonaswa kwenye 28 imechukua sekunde 0.24, na ile inayopita yote na kuanguka sakafuni imechukua robo ya sekunde au zaidi.

Maabara za usingizi hutumia mashine inayotoa ishara bila mpangilio kwa dakika 10, na huhesabu mara ambazo mtu amechelewa kuitikia kwa zaidi ya nusu sekunde. Rula haiwezi kufika huko. Inachoweza kuonyesha, na ndicho tunachokitafuta, ni kutotabirika: asiyelala vya kutosha huinasa vizuri mara kadhaa mfululizo, kisha moja inampita kana kwamba hakuwepo chumbani. Mikono hujifunza haraka, kwa hiyo majaribio ya mwanzo ya kila mtu hatuyaandiki.

Kabla ya rula kudondoshwa, kila mmoja huandika kwenye karatasi anavyojisikia, kuanzia 1 kwa aliye macho kabisa hadi 5 kwa anayepambana na usingizi. Karatasi hiyo niliiongeza kwa sababu ya jaribio lililofanywa katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania na kuchapishwa mwaka 2003, ambalo lilikuwa kichwani mwangu tangu tulipoisoma ratiba. Watu wazima wenye afya waliwekwa maabara kwa siku 14, baadhi wakiruhusiwa saa 8 kitandani, wengine 6, wengine 4. Waliopewa saa 6 walizidi kudhoofika siku hadi siku katika umakini na kumbukumbu ya muda mfupi, hadi mwishoni wakafanana na watu waliokesha usiku mzima. Hata hivyo walipoulizwa wanajisikiaje, majibu yao yalipanda kidogo siku za mwanzo kisha yakatulia, kana kwamba mwili umezoea. Ulichozoea ni hisia ya uchovu tu, maana uwezo uliendelea kushuka.

Machi

Vipimo vya mwezi huu vimechukuliwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, dakika chache kabla ya kipindi cha kwanza. Umbo la matokeo linaonekana bila hesabu nyingi: Jumatatu rula hunaswa karibu karibu, na kadiri wiki inavyosonga zinazoponyoka huongezeka. Jumapili hapana prepo ya asubuhi, na wengi hulala hadi kengele ya ibada.

Karatasi za kujipima ndizo zilizotupa somo kubwa zaidi. Kiranja mmoja wa kidato cha nne, kijana mwenye bidii ambaye hakuna mwalimu anayeweza kumwita mvivu, alikuja Ijumaa shati likiwa limepigwa pasi na kola imekaa sawasawa, akaandika 1 kwa herufi nzito. “Niko fiti, mwalimu.” Rula ya kwanza aliinasa kwenye sentimita 15, tukampongeza. Iliyofuata ilipita katikati ya vidole vyake ikagonga sakafu, na vidole vikafumba baada ya mlio. Alicheka, akasema mwenzake amemchezea, akaomba abadilishiwe mtu wa kudondosha. Mdondoshaji mpya aliiachia rula, nayo ikaenda vile vile. Macho ya kiranja yalikuwa wazi muda wote, yakiitazama. Binti wa kidato cha pili aliyemfuata, ambaye alikuwa amelazwa chumba cha wagonjwa kwa ajili ya mguu na hivyo amekuwa akisamehewa kengele, aliandika 3 na kulalamika kuwa ana usingizi, lakini alizinasa zote ndani ya nafasi ndogo.

Tangu siku hiyo nimewaomba walimu wenzangu waache kumuuliza mwanafunzi kama amelala vizuri na kuchukua jibu lake kama ushahidi. Mwalimu wa Kemia ameuliza kama hoja hiyo inatuhusu na sisi. Nimemkaribisha kwenye meza ya rula, na matokeo yake nimemwahidi kuyatunza.

Aprili, wiki ya pili

Bweni moja la wasichana lilitutatiza. Saa za kulala ni zile zile, matroni ni yule yule, lakini vipimo vyao vilikuwa vibaya hata siku za Jumatatu. Wasichana wenyewe hawakutaka kusema, kwa aibu. Ni mama matroni aliyetuita tukaone: aligeuza godoro, akapitisha ukucha kwenye mshono, na kunguni wakamwagika, wengine wadogo kama mbegu za ufuta, wengine wamevimba damu. Kunguni hutoka zaidi saa za kabla ya alfajiri, wakati aliyelala ana joto na ametulia, na ingawa hawajulikani kuambukiza maradhi, mwasho wao hukata usingizi vipande vipande. Saa sita zilizokatwa vipande hivyo si saa sita tena, kwa sababu ubongo hupita usingizi mwepesi, mzito na wa ndoto kwa mizunguko ya takriban dakika 90, na anayeamshwa kila mara hurudishwa mwanzo wa mzunguko.

Jumamosi nzima imetumika kuanika magodoro juani, kumimina maji ya moto kwenye maungio ya vitanda vya chuma na kuchemsha mashuka. Uongozi umeahidi dawa. Naliandika jambo hili kwa kirefu kwa sababu hakuna mapendekezo ya saa 8 hadi 10 yatakayosaidia chochote kwenye kitanda chenye kunguni, na kwa sababu tungekuwa tunachunguza “uvivu” peke yake, bweni hilo lingehesabiwa kuwa la wavivu kupindukia.

Mei

Kidato cha nne kinakaribia mitihani ya majaribio, na kupiga msuli, yaani kusoma kwa kukesha, kumeshika kasi. Tumekubaliana na mkuu wa shule kwamba atakayetueleza namna anavyokesha hataadhibiwa, na maelezo yamekuja kwa wingi.

Njia inayosifiwa zaidi ni ile ya zamani: kusoma miguu ikiwa ndani ya beseni la maji baridi. Mbeya ya mwezi Mei, maji ya bomba usiku yanauma hadi kwenye mfupa. Nilidhani ni ushujaa tu, lakini ina sababu ya kifiziolojia. Ili mtu apate usingizi, joto la ndani ya mwili hulazimika kushuka kidogo, na mwili hulitoa kupitia mishipa ya damu ya mikono na miguu, ambayo hupanuka nyakati za jioni. Watafiti wa Basel, Uswisi, walionyesha mwaka 1999 kuwa watu ambao miguu na mikono yao imepata joto ndio wanaolala upesi zaidi. Beseni linaziba mlango huo huo. Basi linamzuia mwanafunzi asilale, na linaendelea kumzuia hata baada ya kufunga daftari na kupanda kitandani na miguu iliyoganda.

Njia ya pili ni kahawa ya Mbozi, inayolambwa kavu kwenye kijiko au kukorogwa ndani ya chai ya rangi. Tangu mtu aamke, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya ubongoni, na wingi wake ndio unaoleta uzito wa usingizi. Kafeini huketi kwenye vipokezi vya adenosini, hivyo ujumbe haufiki, lakini adenosini yenyewe haipungui hata chembe. Nusu ya kafeini hubaki mwilini kwa saa tano hivi, kwa hiyo kijiko cha saa 4 usiku bado kipo nusu saa 9 usiku, na usingizi anaoupata mtu huyo huwa mwepesi.

Wanafunzi wameuliza, na swali ni la haki: kama kukesha kunawaongezea kurasa, kuna ubaya gani? Jibu ni kwamba kusoma hakuishii kitabuni. Katika usingizi mzito, ubongo huyarudia yaliyosomwa mchana na kuyahamishia kwenye hifadhi ya kudumu, na aliyekesha ana upungufu pande mbili, kwa kuwa hayahifadhi ya jana wala hayapokei vizuri ya leo. Baadhi hawakuridhika. Mmoja alinijibu kwa adabu kwamba kaka yake alikesha hivyo hivyo na akapata daraja la kwanza. Sikubishana naye.

Mei, mwishoni

Duka la shule limetufungulia daftari la mauzo. Maandazi na soda huuzika zaidi kadiri Ijumaa inavyokaribia, japokuwa fedha za mfukoni huwa zimeshapungua. Siwezi kudai kuwa ni usingizi peke yake. Hata hivyo, katika utafiti wa Chicago uliochapishwa mwaka 2004, vijana wa kiume waliolala saa 4 kwa usiku mbili walikutwa na homoni ya shibe imeshuka kwa asilimia 18 na ile ya njaa imepanda kwa asilimia 28, na walichokitamani zaidi ni vyakula vya wanga na sukari.

Juni, kikao cha wazazi

Tulipeleka pendekezo moja tu: kengele isogezwe hadi saa 11:30 alfajiri na prepo ya asubuhi iondolewe, kwa kidato cha pili na cha tatu, kwa majaribio.

Upinzani ulikuwa mzito, na sehemu yake ilikuwa na uzito wa kweli. Mwalimu wa taaluma alikumbusha kwamba Wahadza wa Ziwa Eyasi, wanaoishi bila umeme, walipimwa na watafiti na kukutwa hawalali saa 8 hata kidogo. Ni kweli. Utafiti huo wa mwaka 2015, uliowahusu pia Wasan wa kusini mwa Afrika na Watsimane wa Bolivia, ulikuta usingizi wa kati ya saa 5.7 na 7.1. Nilimjibu kwamba hizo ni saa za usingizi halisi uliopimwa kwa kifaa cha mkononi, ilhali muda wa kulala wenyewe, tangu kusinzia hadi kuamka, ulikuwa kati ya saa 6.9 na 8.5, kwamba waliopimwa walikuwa watu wazima, na kwamba hapakuwa na aliyewaamsha kwa kengele. Kijana wa umri wa sekondari ana tatizo la ziada. Mary Carskadon wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, ameonyesha kwa miaka mingi kwamba katika balehe saa ya mwili husogea mbele, na melatonini, homoni inayoutangazia mwili usiku, huchelewa kutoka. Kwa sababu hiyo Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilishauri mwaka 2014 kwamba masomo ya sekondari yasianze kabla ya saa 2:30 asubuhi. Ukimlaza kijana saa 2 usiku atakodolea dari, na ukimwamsha saa 10 umemkata sehemu ambayo usingizi wa ndoto ndiyo hujaa zaidi.

Maelezo hayo yalipokelewa kwa heshima na miayo kadhaa. Kilichogeuza kikao ni mzazi mmoja anayeendesha lori kati ya Dar es Salaam na Tunduma, aliyesimama nyuma kabisa akiwa bado na koti lake la safari.

“Walimu, poleni na kazi. Mimi kazi yangu ni barabara. Usingizi unaokuja na miayo huo si tatizo, unaegesha gari pembeni unalala. Kuna ule unaokuchukua macho yako yapo wazi, ukija kushtuka umeshapita kijiji na hukumbuki umekipitaje. Huo ndio unaoua watu pale Kitonga. Sasa mwanangu mnampa hesabu akiwa kwenye hali hiyo?”

Hali anayoieleza ndiyo iliyomkuta kiranja wetu mwezi Machi. Hudumu sekunde chache tu, na kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, sekunde nne ni karibu mita 90 bila dereva. Nikaongeza jambo ambalo wazazi walilidai lirudiwe: watafiti wa Australia walionyesha mwaka 1997 kuwa mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hupungukiwa na uwezo wa kuratibu jicho na mkono sawa na mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Aliyeamka saa 10:30 alfajiri hutimiza saa 17 ifikapo saa 3:30 usiku, na prepo yetu huisha saa 4.

Majaribio yameruhusiwa kuanzia Julai.

Juni, kabla ya likizo

Chumba cha wagonjwa kimejaa mafua. Baridi ndiyo inayolaumiwa, lakini virusi ndivyo vinavyoleta mafua, na katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2009, watu 153 walitiwa virusi hivyo puani baada ya usingizi wao kufuatiliwa. Waliokuwa wakilala chini ya saa 7 waliugua karibu mara tatu zaidi ya waliolala 8 au zaidi. Matroni ameomba nakala ya maelezo hayo ayabandike mlangoni.

Julai na Agosti

Majaribio hayakwenda kama tulivyochora kwenye ubao. Wiki ya kwanza, baadhi ya kidato cha tatu waliitumia saa waliyopewa kusoma kwa tochi chini ya blanketi, wakihofia kwamba kidato cha nne kinawaacha. Matroni alikusanya tochi. Baridi ya Julai nayo ilifanya wengi waamke wenyewe alfajiri, na palitokea ombi la kuingiza jiko la mkaa bwenini, ambalo lilikataliwa mara moja, kwa kuwa moshi usioonekana wa mkaa huua watu wakiwa usingizini. Badala yake wazazi wameleta blanketi la pili na soksi, na soksi, kwa sababu niliyoieleza mwezi Mei, zimesaidia kuliko nilivyotarajia.

Kuanzia wiki ya tatu mambo yalitulia. Rula zinazoponyoka siku za Ijumaa zimepungua wazi kwa vidato vilivyo kwenye majaribio, na kwa kidato cha nne zimebaki vile vile. Walimu wa kipindi cha kwanza, wakiwemo wawili waliopinga, wameandika kuwa hawaamshi watu tena. Alama za mtihani wa mwezi hazikuonyesha tofauti ya kujivunia, na nimeiandika hivyo hivyo kwenye ripoti, kwani wiki chache hazitoshi kufidia wala kupima jambo la namna hiyo.

Mabadiliko yaliyoonekana upesi kuliko yote yalikuwa ya tabia. Daftari la nidhamu la muhula uliopita limejaa ugomvi wa bombani alfajiri: nani ametangulia ndoo, nani amemwagia nani maji, neno dogo linalozaa ngumi. Tangu kengele isogezwe, kurasa za kidato cha pili na cha tatu zimekuwa na nafasi nyeupe. Kuna maelezo yake. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walipiga picha za ubongo wa watu waliokesha usiku mmoja na kukuta amigdala, sehemu inayopokea hofu na hasira, ikiitikia picha za kuudhi kwa takriban asilimia 60 zaidi ya kawaida, huku mawasiliano yake na sehemu ya mbele ya ubongo inayotuliza yakiwa yamelegea. Kijana huyo bombani hakosi malezi. Breki zake ndizo zilizolegea. Mwalimu wa nidhamu amesoma maelezo haya, akasema kwamba ngumi ni ngumi, lakini ameanza kuandika pembeni ya kila tukio mhusika alilala saa ngapi.

Septemba

Bodi imekaa. Kengele ya saa 11:30 itaendelea kwa kidato cha pili na cha tatu, na kidato cha kwanza kitajumuishwa, hadi mwisho wa mwaka. Kidato cha nne kitabaki na ratiba ya zamani hadi kimalize mtihani wa taifa, kwa sababu wazazi wao wengi hawakuwa tayari kubadilisha chochote wakati huu, isipokuwa kwamba prepo ya usiku itaisha saa 3:30 na baada ya chakula cha mchana watapewa dakika 20 za kulaza kichwa kwenye dawati. Muda huo hauongezwi, kwa kuwa anayelala mchana kwa muda mrefu huingia usingizi mzito na kuamka amelewa.

Kazi iliyobaki ni tatu. Dawa ya kunguni ya awamu ya pili ipulizwe baada ya mayai kuanguliwa, kabla wadogo hawajakomaa na kutaga. Vipimo vya kidato cha nne viendelee Ijumaa tu, tusiwachukulie muda. Na walimu wa zamu, baada ya mwalimu wa Kemia kuyatangaza matokeo yake mwenyewe kwenye chumba cha walimu, wameomba wapimwe asubuhi inayofuata zamu; tumeanza na wanne, na ratiba yao imebandikwa chini ya ile ya wanafunzi.